Binti anapomkwepa baba yake getini

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, barabara za Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, hujaa baiskeli na pikipiki zilizopakia magunia kuelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi. Mfikirie baba anayetoka kupima korosho zake, akapitia shuleni kumpa binti yake wa kidato cha pili hela ya madaftari. Shati lake lina madoa ya mabibo. Anasimama getini na kumwita kwa lile jina la utotoni, kwa sauti ya shambani. Wanafunzi wanageuka. Binti anatazama pembeni kama hakusikia. Usiku huo baba chakula hakimpandi: "Mtoto ananionea aibu, na hizo korosho ndizo zilizomshonea sare."

Kwa kazi yangu ya ustawi wa jamii, habari kama hii huletwa mezani ikiitwa utovu wa adabu. Nawaomba wazazi tuitazame upya.

Balehe kwa wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Kipindi hicho sehemu za ubongo zinazobeba hisia hushika kasi mapema, wakati sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayopima mambo na kutuliza moyo, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza kwamba kijana wa umri huu huishi kana kwamba kuna hadhira inayomtazama saa zote. Pale getini, basi, binti hamtazami baba. Anawatazama wenzake wanaomtazama baba.

Binti unayesoma hapa, hili ni lako. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio yao. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye ni aibu kumvaa, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu chumbani wameitambua picha ile. Waliokuwa wameitambua kweli ni kama robo tu. Hata pale getini, wengi wa wenzako walikuwa na yao kichwani, na wengine wanaomba baba zao wasije kesho. Aibu yako ni ya kweli na itapungua. Shikamoo ya baba, hata hivyo, ni haki yake hata mbele ya watu, na ukiitoa kwa sauti ya chini inatosha.

Hofu hiyohiyo ya macho ya watu ndiyo inayoyafanya mapenzi ya kwanza kuwa mazito. Binti amemzimia mvulana wa dawati la mbele. Moyo unamdunda jina la mvulana likitajwa, analiandika nyuma ya daftari kisha anachana ukurasa. Si uhuni huo. Mara nyingi mvulana mwenyewe hajui, na jambo litaisha bila neno lolote kusemwa. Linaloharibu ni mama kuuokota ukurasa ule na kuusoma kwa sauti mbele ya wadogo zake, au kumhadithia jirani wakicheka. Fimbo nayo haiondoi pendo. Inamfundisha kuficha vizuri zaidi.

Hapo ndipo ninapoogopa. Siri iliyofukuzwa nyumbani hutafuta mtu asiyeicheka, na msimu wa mauzo ya korosho wako wanaume watu wazima wenye hela mfukoni na masikio yaliyo tayari kumsikiliza. Mwenzake wa darasani na mwanaume wa miaka 25 si jambo moja. Binti wa chini ya miaka 18 sheria inamhesabu kuwa mtoto, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Ukimshuku mtu mzima, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto.

Kuna wanaoniambia, "Ameshachezwa unyago, yote anayajua." Nauheshimu unyago wetu, kungwi alibeba maneno ambayo mama aliona haya kuyatamka. Lakini wapo wanaochezwa wakiwa wadogo mno, wakasikia habari za mume kabla moyo haujawahi kumdundia mtu yeyote. Namna ya kumpenda mtu kimya kimya huku unaendelea na masomo, hilo huenda hakuambiwa na mtu.

Mlango mzuri ni bibi. Bibi na mjukuu ni watani, na bibi anayemwita mjukuu "mke mwenzangu" anaweza kumuuliza, "Nani huyo anayekunyima usingizi?" akajibiwa. Asiye na bibi karibu amtumie shangazi. Mama naye asikilize bila kuhoji jina, wakimenya mihogo pamoja, kwa maana mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini maneno hutoka kwa urahisi.

Nawe baba, mara nyingine mwambie asubuhi kwamba utapita, mpange mkutane pale chini ya mwembe kando ya barabara. Shati usilibadilishe.