Kabla ya Kung'oa Chuma Hicho kwenye Ploti Yako

Kwenye mijengo ya Nairobi, bikoni, alama ya kona ya ploti, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Tingatinga likipita kusawazisha uwanja, kile kipande cha chuma kilichozungushiwa saruji hurushwa pembeni pamoja na kifusi, na kufikia jioni huenda kiko kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa kibarua ni takataka. Kwetu wapima ardhi, hiyo ndiyo kona ya ploti.

Wengi hudhani mpaka uko kwenye karatasi na kwamba bikoni, au jiwe la mpaka, ni nakala tu. Kazini mambo ni kinyume. Bikoni ya awali ikikutwa mahali pake bila kuguswa, tunaipa uzito kuliko namba zilizoandikwa kwenye ramani. Aliyepima zamani alitumia mnyororo wa futi 66, kama mita 20.12, unaorefuka juani na kulegea katikati. Kipimo chake kina kosa. Jiwe alilopanda halikuhama, na majirani walijenga ua wakilitazama.

Halafu kuna suala la namba zenyewe. Ramani za kale za mji huu zilichorwa kwa futi, katika mfumo wa Cassini, mmojawapo wa mifumo ya kutaja mahali kwa namba. Zilizofuata zinatumia mita na mfumo wa Arc 1960. Simu yako inasoma mfumo mwingine kabisa, ule wa satelaiti. Chukua namba za Arc 1960 uzitie kwenye simu bila kuzibadilisha, nayo itakupeleka takriban mita 300 kutoka mahali unapopatafuta, pengine sebuleni kwa mtu. Ili kuioanisha mifumo hii tunahitaji alama iliyopimwa katika yote, bado imesimama ardhini. Ndiyo maana bikoni ya kale iliyoota kutu hunifurahisha kuliko mashine mpya.

Kabla ya chuma palikuwa na itoka. Wakikuyu waliupanda mmea huu wa maua kwenye mipaka ya mashamba, wazee wakishuhudia. Tunguu lake hujificha ardhini kiangazi, mvua ikinyesha linachipua palepale. Ukiuona umejipanga mstari katika shamba la zamani kule Dagoretti, usiufyeke upesi.

Mnara wa Galton-Fenzi, pale Kenyatta Avenue na Koinange, tunautunza, ingawa hauonyeshi mpaka wowote bali umbali wa miji kutoka Nairobi. Ni vizuri. Ila alama ndogo zilizoigawa ardhi ya mji huohuo hazina mtetezi.

Ukikuta chuma kwenye msingi, kiache hata kama kimepinda. Kipige picha pamoja na kitu kisichohama, kama kona ya nyumba, kisha umwite mpima ardhi mwenye leseni. Iwapo ni lazima ujenzi upite hapo, atapanda alama za rejea pembeni kabla ya tingatinga, ili kona irudishwe baadaye. Kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili wa ardhi ni kosa la jinai. Na mkivutana na jirani, anzeni kwa msajili huyohuyo: chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo.