Simu ni ya mzazi, mtandaoni yupo mtoto

"Mwanangu hana simu." Ndilo jibu tunalopewa na wazazi wengi tukigusia usalama mtandaoni kwenye vikao vya shule hapa Dodoma. Ni kweli, hana. Lakini ikifika saa moja jioni, mama yuko jikoni anasonga ugali, simu yake iko sebuleni mikononi mwa mtoto wa darasa la nne anayecheza gemu. Iwe Nkuhungu, Kizota au kijijini Chamwino, mambo ni yale yale.

WhatsApp na TikTok zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Wa darasa la nne ana tisa au kumi. Ila mtandao haumwoni yeye, unaona akaunti ya mama, mtu mzima. Kwa hiyo mtoto analetewa video na matangazo ya watu wazima, na asiyemfahamu anaweza kumtumia ujumbe bila kizuizi.

Anayewinda watoto haanzi na matusi. Huanza na sifa kwenye chati ya gemu: "Unacheza vizuri. Upo darasa la ngapi?" Baadaye anamtumia zawadi humo humo kwenye gemu. Halafu: "Hiyo simu yako au ya mama?" Halafu: "Upo na nani hapo?" Mzazi ukikuta swali hilo, shtuka. Anapima kama kuna mkubwa karibu. Yakifuata "futa hizi meseji" na ombi la picha, mtego umeshategwa. Picha ikitumwa, vinaanza vitisho.

Na si lazima awe mtu wa mbali. Anaweza kuwa kijana wa jirani, ndugu, au bodaboda anayempeleka shule. Ndiyo maana onyo la "usiongee na usiowajua" halitoshi. Mwambie hivi: mtu yeyote akikuambia usimwambie mama, hilo ndilo la kuja kuniambia kwanza.

Kwenye simu yenyewe, anza na Family Link ya Google. Ni ya bure. Unamfungulia mtoto akaunti yenye umri wake halisi, na kila programu anayotaka kupakua inasubiri ruhusa yako. Simu nyingi za Android pia zina sehemu ya kuongeza mtumiaji wa pili, hivyo meseji zako na picha zako anaziacha upande wako. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio ya faragha, uzuie watu usiowahifadhi kukuingiza kwenye magrupu. Namba ya siri ya pesa, badilisha. (Kuna nyumba mtoto anaijua kuliko baba.)

Tukija kwenye magrupu ya wazazi, hapo wakubwa tunajiponza wenyewe. Picha ya mahafali ya darasa la saba, sare yenye nembo ya shule, jina kamili chini yake: mtu mbaya hana haja ya kuuliza kitu tena.

Jambo likishatokea, fimbo iache. Yule mtu alishamwambia mtoto kwamba mama atampiga. Ukimpiga umemthibitishia, na safari nyingine hatakuambia. Usifute chochote. Hifadhi meseji, namba na jina la akaunti. Kama kuna picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwa mwalimu wala kwenye grupu hata kwa nia ya kuonya wenzako: kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Ipeleke simu kama ilivyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Ukitaka ushauri kwanza, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.