Eksposha ndefu: kwa nini taa ya boda boda hugeuka mstari

Eksposha ni muda ambao shata ya kamera, yaani pazia lake la ndani, hubaki wazi na mwanga ukapita hadi kwenye sensa, kibamba kinachoupokea mwanga huo. Mchana wa jua kali muda huo ni mfupi mno, hata sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Ukifika sekunde nzima na kuendelea, hiyo ni eksposha ndefu. Kipindi chote hicho sensa haibagui: inapokea kila mwanga uliopita mbele yake na kuujumlisha kwenye picha moja. Kilichotulia hutoka kama kilivyo, na taa iliyotembea huacha njia yake yote.

Maelezo hayo yanatosha kumfanya mtu atege kamera ghorofani, aielekeze kwenye barabara ya juu ya Kondele, Kisumu, aweke sekunde 30 na kupata picha iliyoungua, nyeupe pe. Kinachokosekana ni jambo moja, nalo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote: muda huongeza mwanga wa vitu vilivyotulia. Hauongezi ung'avu wa taa inayotembea.

Sababu ni hii. Jengo halihami kwenye fremu, kwa hiyo mwanga wake unaangukia nukta zile zile za sensa kila sekunde. Sekunde 20 zinalipatia mwanga mara mbili ya sekunde 10. Taa ya nyuma ya tuktuk inaigusa kila nukta kwa kitambo kidogo sana, kisha inahamia nukta ya jirani. Ukiongeza muda, mstari unarefuka tu. Ung'avu wake unategemea ukali wa taa, ukubwa wa tundu la lenzi, ISO (kiwango cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga), na kasi ambayo taa inakatiza fremu. Ndiyo maana lori linalojikokota kupanda kilima cha Riat huacha mstari mzito kuliko gari dogo linaloteremka mbio, hata taa zao zikilingana.

Bodi ya gari, kwa kuwa haina mwanga wake wa kutosha, hutoweka kabisa. Jambo hili ni la tangu upigaji picha ulipoanza. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple jijini Paris kwa eksposha ya dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuonekana. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa viatu rangi.

Sasa tuingie kwenye namba. Kwa barabara ya mjini yenye taa, anza na f/8, ISO 100 na sekunde 15. Namba ya f ni kipimo cha tundu: ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Tazama vitu viwili kwa kuvitenganisha: majengo kwanza, halafu mistari. Majengo yakiwa sawa lakini mistari ya taa za mbele imeungua, punguza tundu hadi f/11 na uongeze muda hadi sekunde 30. Majengo yatabaki vile vile, maana mwanga uliopunguzwa nusu umefidiwa na muda uliozidishwa mara mbili. Ung'avu wa mistari nao utapungua kwa nusu. Ikiwa mistari imefifia, geuza hesabu: f/5.6 kwa sekunde 8. Mistari itang'aa, ingawa itakuwa mifupi. Hapo ni afadhali kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kwenye kompyuta. Kupita f/16 hatushauri, kwani mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali.

Muda wenyewe upimwe kwa magari, usikisiwe. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, yaani mita 140 kwa sekunde 10. Simama nyuma ya kamera, hesabu tangu gari linapoingia kwenye fremu hadi linapotoka, na hiyo ndiyo eksposha yako. Kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, ukiitazama barabara kwa urefu wake utapata taa nyekundu upande wa kushoto na nyeupe upande wa kulia. Taa nyeupe ndizo huungua mapema, kwa hiyo pembe inayoonyesha zaidi migongo ya magari ni rahisi kuidhibiti. Jihadhari na steji. Matatu ikisimama sekunde 5 ndani ya eksposha ya sekunde 20, itatoka nusu-nusu, ukuta wa nyuma ukionekana kupitia ubavu wake, na taa zake zitakuwa madoa ya kuungua.

Chunguza mstari mmoja kwa kuukuza kwenye skrini. Mara nyingi mstari wa taa za LED si mzima. Umekatika vipande vidogo vilivyopangana. Taa nyingi za aina hiyo huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni. Ikikatika mara 100 kwa sekunde, kwenye gari la kilomita 50 kwa saa, kutoka mwanzo wa kipande kimoja hadi mwanzo wa kinachofuata ni sentimita 14 za barabara. Indiketa, inayowaka mara 60 hadi 120 kwa dakika, huacha vipande virefu vya rangi ya machungwa. Hiyo si kasoro ya kamera, na wengine huitafuta makusudi.

Saa nzuri si usiku wa manane. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linashuka wima, giza likaingia upesi. Dakika 15 hadi 35 baada ya jua kuzama mbingu huwa bado ya buluu iliyokolea huku taa zimewashwa. Baada ya hapo mbingu ni nyeusi tu, na kingo za mapaa hazionekani.

Ziwani mambo hubadilika. Wavuvi wa omena hutoka usiku usio na mwezi, wakiwavuta samaki kwa karabai au taa za LED za sola. Ukiwa ufuo wa Dunga, kwa mbali unaona nukta zilizotulia, lakini mawimbi yanaziyumbisha. Kwa lenzi ya milimita 200, sekunde 30 huzigeuza vidonge vilivyovimba. Jaribu sekunde 4 kwa f/4 na ISO 800: kila taa itachora mkunjo mdogo, na mwakisi wake majini utabaki mstari mwembamba. Usipigie kutoka ndani ya mashua, kwani tripodi, kile kiweko cha miguu mitatu, haisaidii kitu ikiwa mahali iliposimama panayumba. Ufukweni zamisha miguu yake mchangani mpaka ikaze, la sivyo itaendelea kudidimia shata ikiwa wazi. Wadudu wa ziwani wakifumuka karibu na taa, nao huchora nyuzi nyeupe. Kitambaa cha kufutia lenzi kiwe karibu.

Picha iliyotikisika ina dalili yake: taa za barabarani, ambazo hazitembei, nazo zimechora mkia. Sababu ya kawaida ni kidole. Tumia rimoti au kipima muda cha sekunde 2. Zima kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa kwenye tripodi, na usipandishe nguzo ya katikati kukiwa na upepo. Daraja la miguu hutetemeka lori likipita chini. Picha ikiwa na ukungu bila mikia, fokasi imehama: ikuze taa ya mbali kwenye skrini, fokasi kwa mkono, kisha uache kuigusa. Na vua filta ya kinga, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, maana taa kali hujirudia ndani yake na kutupa madoa ya kijani upande wa pili wa fremu.

Kwa simu, hali ya Pro kwenye Android nyingi hufika sekunde kadhaa, baadhi hadi 30. Tundu lake kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo shusha ISO hadi mwisho na ucheze na muda. Ikiegemezwa kwenye tofali ikatulia, inatosha.

Kamera nyingi zikimaliza sekunde 30 hukaa sekunde nyingine 30 bila kujibu. Hazijaharibika. Zinapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, ili kutoa vinukta vyekundu na vya buluu vinavyotokana na joto la sensa. Kwa picha moja, iache ifanye hivyo. Ukipiga mfululizo wa kuunganisha, uzime mpangilio huo kwenye menyu, vinginevyo kila mstari utakuwa na pengo.