Msitu uliohifadhiwa haujafungwa kufuli

Vijiweni Mwanza utasikia: “Msitu ukishahifadhiwa, kijana hana chake humo.” Si kweli. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuuvuna kwa mpango. Kinachokatwa kisizidi kinachoota, basi.

Wasukuma walilijua hili zamani: ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, hufungwa masika, hufunguliwa kiangazi ili mifugo ipate kula.

Tazama kisiki cha porini. Mizizi kinayo tayari, hakihitaji kitalu wala ndoo ya maji kutoka ziwani. Unabakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka yawe miti, mengine unayapunguza, nayo ndiyo kuni za leo. Kazi hiyo inataka panga kali na kijana mwenye subira, si semina (posho zake tumezila za kutosha). Mizinga ya nyuki nayo hutundikwa humohumo.