Kugeuza HiAce ya paa refu kuwa gari la kulala: maji kwanza, mbao mwisho

Anayetaka kugeuza gari kuwa kempa mara nyingi huanza na picha ya kitanda na kabati. Kitanda ni kazi ya siku mbili kwa seremala mzuri. Kinachoharibu gari la kulala ni vitu vitatu visivyoonekana kwenye picha: maji yanayopenya kwenye bati, joto la paa, na waya mwembamba. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hivyo vitatu, na fanicha nitaipitia haraka.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota HiAce ya H200, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ile ndefu na pana yenye paa refu. Nje ina urefu wa milimita 5,380, upana 1,880 na kimo 2,285. Ndani, ile ya mizigo ina kama mita 3.5 nyuma ya viti vya mbele, upana wa milimita 1,730 na kimo cha 1,635. Piga hesabu ya kimo kabla hujanunua chochote. Sponji ya kuzuia joto ya milimita 10 na plaiwudi ya 12 sakafuni, kisha sponji ya 20 na plaiwudi nyembamba ya 4 darini, jumla 46. Umebaki na 1,589. Mtu wa futi tano na inchi mbili anasimama wima, mrefu zaidi ya hapo atainama. Upana nao hupungua: ukishavalisha kuta, kitanda cha kukata gari kwa upana hakimfai mtu aliyezidi sentimita 165. Mrefu alale kwa urefu wa gari, na kitanda kiwe cha sentimita 190.

Kati ya HiAce ya abiria na ya mizigo, chukua ya mizigo. Iliyokuwa daladala au gari la shule ina vioo pande zote, na kila kioo ni mlango wa jua. Tena sakafu yake imetobolewa matundu ya boliti za viti, na kila tundu ni njia ya maji ya barabarani. Ukiipata kwa bei nzuri sana inunue, lakini ujue utayaziba matundu yote, kwa kipande cha bati kilichochomelewa au kizibo cha raba chenye gundi. Kubandika utepe na kufunika kwa plaiwudi si kuziba.

Unapoikagua, acha rangi inayong'aa. Nenda na tochi na bisibisi butu. Gonga chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa paa, reli ya mlango wa kusukuma, ndani ya madigadi, na sehemu za kuwekea jeki. Bati zima hulia "tang", lililooza hulia kama kadibodi. Gari lililokaa miaka Tanga, Mombasa au Zanzibar likaguliwe mara mbili, maana chumvi ya bahari huanzia ndani ya bati na kutokea nje mwisho kabisa. Kama paa refu ni la fiberi lililoongezwa baadaye, kagua kiungo kizima linapokutana na bodi. Ufa mwembamba kama unywele pale unatosha kulowesha godoro.

Gari likishakuwa tupu kabisa, bila viti wala zulia, lifanyie jaribio la maji. Watu wawili: mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa bustani, bila presha kubwa. Anza chini, kwenye milango, dakika tano kila sehemu, kisha panda kwenye vioo, mfereji, na paa mwisho. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Nyunyiza unga wa ngano mwembamba sakafuni, tone moja litaacha alama. Weka alama ya chaki kila panapovuja, kausha, ziba, rudia. Usiguse matundu madogo yaliyo chini ya milango na ya vizingiti. Hayo ni ya kutolea maji, na ukiyaziba kwa wema wako mlango utaoza ndani ya misimu miwili ya mvua.

Kutu kwangua hadi bati jeupe, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, ioshe au ifute kama chupa inavyoelekeza, kisha praima ya zinki na rangi. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika shuka.

Kukata tundu la paa

Feni ya paa ndiyo tofauti kati ya kulala na kukesha. Bila tundu la juu, hewa moto haina pa kutokea hata ufungue madirisha. Feni nyingi za kempa huhitaji tundu la sentimita 40 kwa 40, au la inchi 14 kwa 14. Pima feni uliyonayo mkononi, usiamini tangazo.

Pima kutoka ndani, ili tundu liangukie kati ya mbavu za paa bila kuukata ubavu wowote. Toboa tundu dogo kila kona kupeleka alama nje. Panda juu, bandika utepe wa karatasi kuzunguka mstari ili soli ya msumeno isikwaruze rangi, toboa kona kwa drili ya milimita 10, kisha kata kwa jigso yenye meno madogo ya chuma, polepole. Ndani, mwenzako ashikilie kipande kisianguke na kupinda bati.

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Chenga za chuma hutoka zikiwa za moto na kujibandika kwenye rangi ya paa. Pwani, wiki moja haipiti kila chenga haijawa doa la kutu. Tandika shuka nzee kabla ya kukata, na ukimaliza zoa kwa brashi na sumaku, usifute kwa kitambaa. Piga tupa kingo, paka praima kwenye bati lililo wazi, isubiri ikauke.

Weka fremu ya mbao ndani ili skrubu zipate pa kung'ata, kisha utepe wa butili (raba laini inayonata) chini ya feni, skrubu, na juu yake gundi ya poliyurethani, ile mafundi wanayobandikia vioo vya mbele. Usitumie silikoni inayonuka siki. Siki ile ni asidi, inakula bati, na ikishapakwa hakuna rangi itakayoshika tena hapo.

Joto, si baridi

Maelezo mengi ya kempa yametoka Ulaya, ambako tatizo ni baridi. Kwetu adui ni jua la saa saba linalopiga paa. Hatua ya kwanza ni rahisi kuliko zote: paa liwe jeupe. Pili, paa lipate sponji nyingi kuliko kuta. Tumia sponji ngumu isiyonyonya maji. Ili kuijua, kata kipande, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha, kikamue asubuhi. Kikitoa maji, kirudishe dukani. Sufi ya kioo iache kwenye nyumba, ndani ya gari hunywa unyevu na kuushikilia kwenye bati. Povu la kopo linalofura usilipige ndani ya mbavu, linapinda bati na kufunga njia za maji.

Ile karatasi ya kung'aa inauzwa kama dawa ya kila joto. Inafanya kazi ikiwa na nafasi ya hewa mbele yake, milimita 20 hivi. Ukiibandika moja kwa moja kwenye bati, joto linapita ndani yake kama kwenye sufuria. Gundi nayo iwe inayostahimili joto. Gundi ya kawaida ya viatu hulainika mchana, na dari litakuning'inia kichwani kabla miezi miwili haijaisha.

Baridi tusiidharau kabisa. Lushoto, Njombe au Limuru usiku, watu wawili waliolala hutoa kwa pumzi na jasho takriban nusu lita ya maji au zaidi, na yote hutafuta bati baridi. Acha feni wazi kidogo na dirisha moja la upande wa pili, hata kama kuna ubaridi. Na mkaa usiingie garini kamwe, hata jiko likionekana limekufa. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na chumba hiki ni kidogo. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi kabla ya kununua mapazia.

Umeme

Anza na matumizi, usianze na betri. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12, lita 40, hula kama wati 45 ikiwa inazunguka. Kwa joto la pwani hesabu saa 12 kati ya 24: wati-saa 540. Feni ya wati 25 kwa saa nane, 200. Taa 50, simu 40. Jumla 830 kwa siku.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakupa kama wati-saa 600 tu na uzito unaokaribia kilo 30. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma ya 100 ina 1,280, unatumia 1,000 bila kuiumiza, na ina kilo 12 hivi. Ni ghali. Hata hivyo hapa ndipo ningeweka pesa, na kabati ningetumia mbao za bei nafuu. Paneli ya wati 200 iliyolala juu ya paa, kwa saa tano za jua kamili na upotevu wa kawaida, inaleta kama 700. Pengo la 130 linazibwa na altaneta (jenereta ya injini) ukiendesha, kupitia chaja ya DC-DC ya ampea 30, inayopokea umeme wa altaneta na kuupimia betri ya pili: nusu saa ya safari inatosha na kubaki. Usiunganishe lithiamu na altaneta kwa rilei tupu, yaani swichi ya umeme isiyopima chochote. Betri hiyo hunyonya bila kiasi, na altaneta kwenye foleni ya Dar, injini ikizunguka taratibu, huungua.

Sasa waya. Malalamiko ya "friji inazima usiku wakati betri imejaa" chanzo chake karibu kila mara ni waya. Friji iko mita 4 kutoka betri, kwenda na kurudi ni mita 8. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, ampea 5 zinapoteza karibu volti 0.5 njiani, na kompresa inapoanza inavuta zaidi ya hapo. Friji inadhani betri imekwisha, inajizima kuilinda. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, upotevu ni volti 0.12 tu. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko nyama itakayooza. Chaja ya DC-DC ipewe milimita 16 na fyuzi ya ampea 60 karibu na kila betri, ndani ya sentimita 20. Inveta (kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa umeme wa nyumbani) ya wati 1,000 ipewe milimita 35 na fyuzi ya 125.

Waya uwe wa nyuzi nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Na popote ununuapo, Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, kwangua ncha kwa kisu mbele ya muuzaji. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe katikati, ni alumini iliyopakwa shaba: inapoteza volti zaidi, na viungo vyake hulegea na kupata moto. Ncha zibanwe kwa mashine na lagi za shaba, vile vichwa vyenye tundu la boliti. Kuchomelea risasi kunaifanya ncha iwe ngumu, na inakatika pale ugumu unapoishia.

Gesi, maji na mbao

Ushauri wangu: pikia nje. Mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka juu na kuwa paa la jikoni, basi jiko liwe kwenye droo ya kuvuta nyuma. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, pale unapolala. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku kisicho na mwanya kuelekea ndani, chenye tundu la milimita 50 sakafuni, mbali na ekzosi. Usilale na mtungi nje ya kisanduku chake.

Maji: madumu mawili ya lita 20 na pampu ya mguu. Hayahitaji tangi wala waya, na dumu likichafuka unanunua jingine popote.

Kabati ziwe za plaiwudi ya milimita 12. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 ina kama kilo 20, wakati MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya milimita 18 ina karibu 39 na ikilowa inafura kama mkate. Funga kwa boliti za M6 kwenye nati za kuriveti, zinazobanwa ndani ya tundu la bati kama riveti, zilizoingia kwenye mbavu. Skrubu iliyong'ata bati tupu italegea kabla hujamaliza barabara ya kwanza ya matuta. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari uone tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi. Kiti cha kusafiria kifungwe kwenye chuma, kamwe si kwenye plaiwudi.

Gari likikamilika, lipime kwenye mizani likiwa na maji, gesi na watu, ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati chake. Toa taarifa kwa mamlaka inayosajili magari, TRA ukiwa Tanzania au NTSA ukiwa Kenya, kwamba matumizi na viti vimebadilika, na bima ijue pia. Kisha lala humo siku mbili karibu na nyumbani. Baada ya kilomita 500 kaza kila boliti upya, shika kila kiungo cha waya kwa kidole huku friji na inveta zikifanya kazi. Kilicho moto kifungue ukifunge tena, na mpira wa bustani urudi juu ya paa, safari hii uanzie kwenye feni.