“Walipewa Shamba Bure”: Waswidi wa Minnesota na Hesabu Isiyotajwa

Anayechimba habari za familia ya Kiswidi iliyohamia Minnesota, Kansas au Nebraska, huko Marekani, hachelewi kusema: “Serikali iliwapa ekari 160 bure.” Jamani, hapana. Sheria ya Makazi ya 1862 ilitoza ada, kama dola 18 kwa jumla, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Ilibidi uhamie ndani ya miezi sita, ukae miaka mitano, ulime, kisha ulete mashahidi wawili. Shamba likiachwa zaidi ya miezi sita, haki imepotea.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloeleza maisha yenyewe. Maksai, plau, mkokoteni, jiko la chuma, mbegu, kisima: vyote vilitaka fedha taslimu. Baba alikwenda kujenga reli au kukata magogo, mama na watoto wakabaki kukamua ng'ombe na kulinda haki ya shamba. Ukikuta baba hayupo kwenye sensa, usikimbilie kuandika kwamba alitoroka. Agiza kwanza jalada la ardhi kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Humo utakuta ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa, na karatasi ya uraia ambamo mtu anamkana “Mfalme wa Uswidi na Norwei”. Wafalme hawakuwa wawili: nchi hizo zilikuwa na mfalme mmoja hadi 1905, kwa hiyo usimgeuze babu wa watu kuwa Mnorwei.

Na ardhi yenyewe haikuwa ya kuingia na jembe la mkono. Mizizi ya nyasi ilikuwa imesukana kama mkeka. Kuivunja kulihitaji plau maalumu na jozi mbili tatu za maksai, kati ya Mei na Juni, kwa kina cha inchi 2 hadi 3 tu, ili nyasi zikilazwa kichwa chini zife na kuoza. Ukiwahi mno zinachipua tena. Ukichelewa, haziozi kabla ya baridi. Majira ya kupukutika majani unalima tena, kina kikizidi kidogo, na ngano unaipanda masika yanayofuata. Mwaka wa kwanza watu walipasua udongo kwa shoka na kudondosha punje za mahindi kwenye ufa. Kwa mwendo huo familia ilivunja ekari chache kwa mwaka, si 160.

“Waliishi kwenye nyumba za tope.” Msomaji wetu hapo anaona fito na udongo wa kukandika. Sivyo. Vilikatwa vipande vya nyasi pamoja na mizizi yake, upana wa futi moja hivi, urefu futi 2 hadi 3, vikapangwa kama matofali, nyasi zikiangalia chini na viungo vikipishana. Kuta zilikuwa imara. Balaa lilikuwa paa. Mvua ikikatika nje, ndani bado panadondoka, ndiyo maana walitundika kitambaa chini ya dari. Tena penye misitu, kama wilaya ya Chisago huko Minnesota, Waswidi walijenga kwa magogo.

“Majina yalibadilishwa Ellis Island.” Kituo hicho cha kupokea wahamiaji, New York, kilifunguliwa 1892, waliokimbia njaa ya 1867 hadi 1869 hawakukiona. Maafisa wake walisoma orodha iliyokwisha kuandikwa na kampuni ya meli. Kilichobadilika ni utaratibu: mwana wa Anders alikuwa Andersson, binti yake Andersdotter, na jina likabadilika kila kizazi, hadi Marekani walipochagua moja likadumu. Anayeitwa Juma bin Ali hahitaji kuelezwa zaidi.

“Mbuga zilikuwa tupu.” Kusini mwa Minnesota palikuwa pa Wadakota, wenyeji wa asili. Walibanwa kwa mikataba ya 1851, wakapigana 1862, wakafukuzwa 1863.