Zinjanthropus: jamaa wa kale aliyepewa jina la pwani

Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, jina lake maana yake ni "mtu wa Zinj". Zinj ndivyo Waarabu wa kale walivyoiita pwani ya Afrika Mashariki, na neno hilo hilo limo ndani ya jina Zanzibar. Mwenyewe, hata hivyo, alipatikana mbali na bahari. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey alikuwa kalala kambini na homa. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, kisha meno mawili. Fuvu hilo lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi.

Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Si babu yetu; ni wa upande mwingine wa ukoo, tawi lililokauka miaka zaidi ya milioni moja iliyopita bila kuacha kizazi.

Ukitaka kumwelewa, anza na kinywa. Weka vidole kwenye kipaji, pembeni ya jicho, kisha uma meno: utasikia msuli unacheza. Kwetu unaishia hapo kando ya kichwa. Kwake ulipanda mpaka utosini, ukashika kwenye ukingo wa mfupa uliosimama kama kishungi cha jogoo. Magego yalikuwa mapana ajabu, ubongo mdogo, kama sentimita za ujazo 500 tu.

Kwa taya kama hilo, watu wakambandika jina la mvunja kokwa. Lilimkaa vizuri, lakini lilimsingizia. Meno yake yalipochunguzwa kwa hadubini hayakuonyesha mashimo yanayoachwa na vyakula vigumu, na kemia ya enameli, ganda gumu la nje ya jino, ikafichua kwamba zaidi ya robo tatu ya chakula chake kilitokana na nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Aliyewahi kung'oa ndago shambani anajua zilivyo na nyuzi na mchanga. Kushiba kwa chakula cha namna hiyo ni kutafuna kutwa nzima, na taya lake lilikuwa kinu hasa.

Wala hakuwa peke yake. Zana za mawe zilizokuwa karibu na fuvu alidhaniwa kazichonga yeye, hadi Homo habilis, binadamu wa awali wa upande wetu wa ukoo, alipopatikana bonde hilo hilo akapewa sifa hiyo. Na Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna nyayo za miaka milioni 1.5 zinazoaminika kuwa zake, kwenye tope lile lile alilokanyaga Homo erectus, binadamu mwingine wa kale.